Jante za Walikale na Ng'ombe wa Mahari

Habari ile ilimkuta Kétsia sokoni Mushaki, dukani mwa baba yake, na tangu hapo haikumtoka kichwani: mchumba wake, Evode, amepeleka ng'ombe wa mahari yake kwa mwanamke wa Walikale.

Aliyeileta ni rafiki yake Consolée, muuza nyanya, kwa sauti ya huruma ambayo inauma kuliko tusi.

"Dada, mie sipendi maneno ya bantu. Lakini wachungaji bamerudi toka Walikale. Banasema ile ng'ombe Gaju alitembea pamoja na ng'ombe za kuchinja mupaka kwa mama moja, Drocella."

"Gaju ile yangu?"

"Njo ile. Na Evode mwenyewe bamemuona kule, amekaa kwake anakunywa chai."

Huko Masisi, ng'ombe akishaonyeshwa wazazi wa binti, hauzwi tena, hata kama bado anakula majani ya mwenyewe. Papa Kanyamibwa, baba yake Evode, alimwonyesha Gaju mbele ya mashahidi. Papa Nzanzu, baba yake Kétsia, mwenyeji wa Butembo ambako mahari ni mbuzi, alicheka akasema, "Mie najua mbuzi tu, lakini huyu iko muzuri." Kétsia alishakunywa maziwa ya Gaju. Aliijua hata pembe yake ya kushoto iliyopinda.

Na mapenzi yenyewe yalianzia hapo hapo sokoni, mbele ya duka la vipuri. Siku ile gari ya Celica, nyekundu, ya zamani, ya milango miwili, iliingia ikichechemea kati ya mafungu ya viazi, imeinama kama mbwa anayenyatia kuku. Jante yake moja ya alu, yaani rimu ya alumini, ilikuwa imepasuka kwenye shimo. Akashuka kijana, Evode, mwenye shati jeupe na viatu vya ncha vilivyojaa vumbi.

"Dada, Papa mwenye duka iko?"

"Haiko. Mie njo niko."

"Ninatafuta jante."

"Ya gari, ao ya ile kitu yako?"

Kijana akacheka. "Hii ni gari ya michezo, dada."

"Basi ikacheze Goma. Kwetu kuko mawe." Kétsia akakaza kitenge chake cha manjano, akamsukumia jante nne za chuma, nyeusi, zenye kutu, na mipira minene ya tairi. "Ya alu ikigonga jiwe inapasuka. Ya chuma inapindika, unapiga nyundo, unaendelea."

"Zitafanya gari yangu ifanane na mukokoteni!"

"Mukokoteni unafika."

Evode alizifunga, akaondoka na namba ya Kétsia, na tangu siku ile simu iliita kila jioni.

"Chérie, umekula?"

"Nimekula ugali. Sauti yako bado."

Sasa, jioni ya habari ile, ni Kétsia aliyepiga.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Niko Goma, chérie. Kuna kazi kidogo."

Lakini nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati, mvua nzito ya msituni, na Goma wiki ile ilikuwa vumbi tupu. Kisha sauti ya mwanamke ikaita, "Evode, kuja uchague, nataka kufunga!"

Kétsia akakata simu. Ilipoita tena, aliitia chini ya mto, akaikalia.

Siku ya soko iliyofuata, Celica ilisimama mbele ya duka. Watu waliacha kununua. Ilikuwa imeoshwa, na chini yake kuling'aa jante nne za alu, kubwa, zenye mikono mitano kama nyota, na mpira mwembamba kama utepe.

Evode alishuka akitabasamu. Alipoona uso wa Kétsia, tabasamu likamfia mdomoni.

"Drocella ni nani?"

"Ni mujane, chérie, ana wajukuu! Bwana yake alinunua hizi kwa ajili ya gari ambayo haikufika hata siku moja, maana barabara ya Walikale ilikufa. Alikuwa nazo za aina mbili, za inchi kumi na ine na hizi za kumi na saba. Nikasimama pale, nikakuona weye ndani ya nguo ya arusi. Nikachagua kubwa."

"Mie nilikuambia nini juu ya mawe?"

"Nilitaka unishangae."

"Na Gaju?"

Evode akatazama viatu vyake. "Njo bei ya jante. Lakini iko na mudogo wake, rangi moja. Nilisema Papa yako, muntu wa mbuzi, hatajua."

"Mie nilikunywa maziwa yake, Evode."

Masikio ya soko yalikuwa yamesogea. Evode akanong'ona, "Ingia, twende Sake tuongee." Mama Régine, mama yake Kétsia, alishika mlango wa gari. "Mwanangu, usipande hii kitu. Inang'aa sana." Kétsia alimtazama mama, akamtazama Evode. Hasira na mapenzi vikamsukuma upande mmoja. Akapanda.

Chini ya Mushaki, kwenye kona, kamba ya kizuizi ilikatisha barabara. Siku za jante nyeusi, watu wa kamba waliinyanyua bila kuinua macho. Leo mkubwa wao alisimama. Walikuwa wa kundi gani la wenye bunduki, hakuna aliyejua; nguo zao zilikuwa za mchanganyiko. Alizunguka gari polepole, akagonga jante kwa kitako cha bunduki. Ng'o. Ng'o.

"Eee, mukubwa! Hii jante ya nani?"

"Yangu, chef."

"Ilikuwa."

"Chef, nakuomba. Hizi ni ng'ombe ya bibi yangu."

Bunduki ikapanda, ikatazama kioo upande wa Kétsia. "Basi chagua. Jante ao bibi?"

Vidole vya Evode vilikuwa vimeng'ang'ania usukani, na Kétsia alivitazama vidole vile, akingoja viachie. Havikuachia.

Ni Kétsia aliyefungua mlango. Akachukua ufunguo wa kufungulia boloni za magurudumu nyuma ya kiti, akapiga magoti mavumbini na kitenge chake cha manjano. "Chef, mie nitazitoa."

Boloni ya kwanza ilikataa. Ufunguo ukateleza, ukaanguka. Hapo ndipo Evode aliposhuka, akapiga magoti karibu yake, akaweka mikono yake juu ya ile ya binti. Walifungua zote, watu wa kamba wakazibeba.

Waliiacha gari juu ya mawe, wakapanda kilima kwa miguu.

"Nilikawia kujibu," alisema Evode.

"Niliona."

"Sikuwa nafikiri jante, Kétsia. Woga ulinifunga."

"Mie pia niliogopa. Mikono yangu ilifanya kazi." Akatembea kidogo. "Enda kwa Papa yangu. Umuambie yote, na uongo wa Goma ndani."

Evode alienda, akasema yote. Papa Nzanzu alisikiliza hadi mwisho.

"Mie nilionyeshwa pembe iliyopinda. Rangi haitoshi. Mudogo wake nitamupokea, lakini utaongeza mbuzi moja ya uongo. Hiyo ninaijua."

Kesho yake watu wa Mushaki walicheka hadi machozi: Evode na Kétsia wanateremka kilima, wanasukuma zile jante nne nyeusi za zamani kama watoto wanaocheza. Gari ilikuwepo bado, maana isiyo na magurudumu haiibiwi.

Siku ya arusi Kétsia mwenyewe aliipaka gari matope hadi madirishani, kisha akavaa nguo yake nyeupe. Walipofika kwenye kamba, Evode aliachia usukani kwa mkono mmoja, akamshika. Kamba ilipanda. Hakuna aliyeinua macho.

Vijana na mabinti wetu, mambo ya kuepuka ni haya:

Kuuza ng'ombe aliyekwisha kuonyeshwa.
Kusema uko Goma nawe uko Walikale.
Kukalia simu badala ya kuuliza.
Jante kubwa na mpira mwembamba katika barabara ya mawe.
Kung'arisha chochote wakati wa vita.
Kupanda gari ambayo mama ameshika mlango wake.
Kukawia kujibu, ukiulizwa kati ya kitu na muntu.