Salamu ya Jioni Kyavinyonge

Jua lilikuwa linazama nikiokota kuni kando ya ziwa, na hasira imenipanda. Tulipanga kufika Kyavinyonge mchana. Lakini mume wangu Kambere ni mtu wa salamu. Alisimamisha gari Kyondo tupige picha, akasimama tena pale mlimani ziwa linapoonekana lote, na kila kituo akasalimia mpaka wachunga mbuzi. Miaka tisa ya ndoa nimevumilia mdomo huo! Ndiyo tuliyokuja kuisherehekea, sisi wawili na hema la kuazima. Watoto tuliwaacha kwa dada yangu Butembo.

Samaki walikuwa kwenye makaa.

Kisha ikaja harufu... Matope. Matope ya chini kabisa ya maji.

Mtu alikuwa amesimama karibu na moto. Sikusikia hatua zake. Kofia ilimfunika macho, nguo zikichuruzika maji.

"Muliamuka?" akanong'ona.

Salamu ya asubuhi. Na giza lilikuwa linaingia.

Nilimfinya Kambere anyamaze. Wapi!

"Tuliamuka muzuri, papa! Na weye?"

Yule mtu akatikisa kichwa, ameridhika. Akageuka, akaingia ziwani... magoti... kiuno... kichwa.

Maji hayakutoa sauti.

"Ni mutu wa kulewa tu, Mama Vagheni," Kambere alisema. Lakini hakulala. Alikaa mlangoni mwa hema, macho makavu, mpaka jogoo wa kwanza. Hapo akapitiwa na usingizi. Nilimtikisa, nikamwagia maji, nikapiga kelele. Hakuamka.

Mwanvua, mama mmoja wa mjini Beni anayenunua samaki pale, alinikuta nikilia. Nilimsimulia yote.

"Nani alimujibu?" akauliza.

"Ni yeye. Mimi nilinyamaza."

Akashusha sauti. "Pirogi ya bavuvi ilizama hapa, batu bote bakapotea. Hapana kuona ata maiti moya. Kwabo, jua ikiingia ndio kunakucha. Mama, bwana yako akikusalimia, hapana jibu. Ukijibu, utaenda naye. Ata akilia, hapana jibu."

Sasa ni wiki ya tano tangu nimrudishe nyumbani. Mchana kutwa Kambere analala, mwili baridi. Daktari hakuona ugonjwa. Padri aliomba, akarudi kwake. Jioni anaamka, anakaa ukingoni mwa kitanda, ananitazama kwa macho yake yale yale niliyoyapenda.

"Uliamuka, Mama Vagheni?"

Ninauma midomo. Anasubiri... anasubiri. Mtu aliyesalimia dunia nzima, na mke wake hamjibu. Mwishowe anageukia ukuta, analia kimya, na asubuhi ninaanika mto uliolowa matope.

Nimechoka kumliza.

Leo nimempigia simu dada yangu. Nimemwomba watoto, Vagheni na Débora, wabaki kwake, asiniulize mpaka lini. Nimefagia nyumba, nimevaa kitenge alichoninunulia Kambere mpakani Kasindi. Dirishani mwanga unapungua, na kitanda kimeanza kulia.

Nitamjibu.