Kufuli ya Pili kwenye Swichi

Fundi alipotundika kufuli yake kwenye swichi kuu ya kinu cha unga, mtu asije akawasha mtambo yeye akiwa ndani, alikuta nyingine imemtangulia. Ilikuwa kuukuu, imeliwa na kutu, lakini haikuwa na unga wala vumbi.

"Nani mwingine yuko kazini humu?"

Mama mwenye kinu alitazama pembeni. "Hakuna mtu. Ikateni tu, wateja wananisubiri."

"Kufuli ya fundi haikatwi, mama. Huifungua mwenyewe, akishatoa mikono yake kwenye mtambo. Ikiwepo, ujue yumo."

Fundi alikuwa mtu wa masihara, lakini si kwa hilo. Ufunguo wake aliuvaa shingoni kwa kamba. Shemeji yake, aliyefanya kazi naye, alicheka tu, ingawa asubuhi ile dada yake mjamzito, mke wa fundi, alikuwa amemwambia, "Kaka, mume wangu unirudishie mzima."

Walikuja kufunga kapilingi mpya, kile kiungo cha chuma kinachoshikanisha shafti ya mota na ya kinu zizunguke pamoja. Fundi alizinyoosha shafti zikakaa sawasawa. Ya kinu ilikuwa na joto, na mtambo ulikuwa haujawashwa tangu juzi. Akadhani ni jua la mchana kwenye bati. Akaingia chini kukaza bolti, na nati zikabaki za shemeji, upande wa pili, wasikoonana.

"Shika hapo hapo, shemeji."

Nati ikashikwa. Ikashikwa barabara, bolti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na harufu ya mpira ulioungua ikaanza kupanda, na pumzi nzito ikasikika ng'ambo ya chuma, pumzi ya mtu aliyechoka kazi asiyoruhusiwa kuiacha, na fundi akawa anajisemea kwamba leo shemeji kaamka na nguvu, mpaka mlango ukalia nyuma yake na shemeji akaingia na chupa ya maji.

"Samahani, nilikwenda bombani. Hujaanza kukaza, sivyo?"

Upande wa pili, spana ilikuwa bado imeshika.

Fundi alitoka kwa kutambaa, jasho likimtiririka. "Mama," alinong'ona, "humu yumo nani?"

Mama akaangua kilio. "Mume wangu. Alikuwa fundi kama wewe. Nilikuwa na haraka, baba, nikakata kufuli yake, nikawasha. Kila nikiitupa, inarudi nzima."

"Ufunguo wake uko wapi?"

Mama aliufungua kwenye pindo la nguo yake. Akauzungusha kwenye kufuli kuukuu, ikafyatuka. "Baba watoto, kazi imekwisha. Toka ukapumzike. Nisamehe."

Spana ikaanguka sakafuni. Harufu ikapotea.

"Alhamdulillahi," shemeji alisema. "Haya, fungua na yako twende zetu."

Fundi alipapasa shingo. Kamba ilikuwepo. Ufunguo haukuwepo.

Walipekua kila kona wasiuone. Shemeji akachukua msumeno, lakini fundi akamzuia mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi kama chuma.

"Haikatwi."

Akainama, akaingia tena chini ya shafti, safari hii upande wa pili.

"Shemeji, toka, nakuomba! Dada nitamwambia nini?"

"Mwambie nipo kazini," ilijibu sauti yake, tayari ikitokea mbali. "Kufuli yangu bado ipo."