Siku Arobaini za Kitanda cha Mninga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukuta ulianza kazi. Kwanza ulikikunja kitanda cha Mhandisi Stumai Shekilindi, naye ndiyo kwanza ameshusha mguu wa pili sakafuni, kikaingia ukutani pamoja na shuka na mto wake. Kisha mikono miwili myembamba ya chuma ikachomoza karibu na dari, ikateremsha jiko, ikafungua beseni la kunawia, ikatundika pazia la manjano dirishani kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Jumatano Stumai alipenda manjano. Kwa dakika nne tu chumba cha kulala kikawa jiko. Baada ya chai kingekuwa ofisi, na jioni sebule yenye zulia na taa ya pembeni. Chumba ni kilekile kimoja, hatua tano kwa nne, ghorofa ya sitini na moja, jijini Dodoma.

Ukuta wa namna hii uliitwa ukuta-mtumishi, na aliyeubuni ni huyohuyo Stumai. Dodoma ya miaka hiyo ilikuwa na watu milioni tisa, na wengi wao walikaa karibu na mawingu kuliko ardhi. Walihamia kwenye vyumba vidogo na makabati ya kurithi, masofa, sufuria za harusi na ndoo zisizo na mfuniko, mwisho wakakosa pa kupitisha miguu. Stumai akawatengenezea ukuta unaokijua kila kilichomo nyumbani. Ndani yake aliweka kihesabu-mguso, kifaa kinachohesabu kila kitu kinaguswa na mkono wa mtu mara ngapi. Kinachoguswa kila siku kilikaa karibu. Kinachoguswa kwa nadra kilikunjwa kikafichwa. Na kisichoguswa kwa siku arobaini kiliteremshwa kwenye kinu chini ya jengo, kikasagwa kuwa unga, na unga ule ukafinyangwa kuwa kitu kingine ambacho mwenye nyumba alikihitaji zaidi.

Kwa nini arobaini? Mwenzake mmoja kazini alitaka thelathini, mwingine tisini. Stumai akasema arobaini. Kwao Usambaani mtu akifa, watu hukaa na msiba wake kwa machozi siku arobaini, kisha husomwa dua, nguo za marehemu hugawiwa, mikeka hukunjwa, na maisha yanaendelea.

"Kama siku arobaini zinatosha kumwachia mtu," aliwaambia, "zitashindwaje kutosha kuachia kabati?"

Wote walicheka, na kanuni ikapita. Hata mimi ningekuwepo nisingembishia, maana lilisikika kama jibu la mtu mwenye akili.

Miaka miwili kabla ya Jumatano hiyo, mama yake Stumai, Bi Mwantumu, alifiwa na mume huko Lushoto akaja kuishi na binti yake. Alikuja na kikapu, msala, na kitanda cha mninga. Kitanda hicho mumewe, fundi seremala, alikichonga wiki ya harusi yao, akapamba ubao wa kichwani kwa majani. Jani moja lilikuwa limepinda. Fundi alikuwa ameitwa kula, akageuka kuitikia, patasi ikateleza. Kila alfajiri baada ya kuswali Bi Mwantumu alipitisha kidole kwenye jani lile, halafu ndipo aliporuhusu kitanda kikunjwe. Kwa hiyo hesabu ya kitanda haikuvuka siku moja hata mara moja.

Na ukuta je? Bi Mwantumu aliuita mkwe. "Mwanangu hana mume, ana ukuta," aliwaambia majirani kwenye lifti, na majirani wakacheka mpaka ghorofa ya chini. "Mkwe wangu mchapakazi, lakini hana adabu. Ananiondolea kiti kabla sijainuka vizuri!"

Kisha habari ikaja kwamba Bi Sikudhani, dada yake mkubwa, amefariki. Bi Mwantumu alifunga kikapu chake siku hiyohiyo.

"Nitakaa mpaka tumsomee arobaini yake," alisema mlangoni. "Niangalizie kitanda changu."

"Ah, mama! Kitakwenda wapi?"

Hayo ndiyo maneno yake Stumai, naye aliyasema kwa moyo safi.

Sasa turudi kwenye ile Jumatano. Ilikuwa siku ya thelathini na tano. Stumai alikuwa akipiga mswaki, pazia la manjano likipepea, ukuta ukasema kwa sauti yake ya upole: "Kitanda cha pili hakijaguswa kwa siku thelathini na tano. Zimebaki tano. Kiguse ukitaka kibaki."

Alikuwa hatua mbili tu kutoka kitanda kilipokunjwa. Kukitoa kungehitaji jiko lifungwe na chai isubiri. Wiki ile, isitoshe, hakuwa na nafasi ya kupumua. Wajumbe wa Baraza la Makazi walikuwa wakija Jumapili kuiona nyumba yake mwenyewe, na wakiridhika, ukuta-mtumishi ungewekwa katika nyumba elfu arobaini mpya. Miaka sita ya kazi ilikuwa ikingoja siku hiyo.

"Nimesikia," alisema. "Kesho."

Alhamisi ukuta ukamkumbusha. Ijumaa pia. Na tuseme kweli, maana kuficha hakumsaidii mtu: nyumba ilikuwa imempendeza. Bila mama, bila msala, bila sauti ya Kurani ya alfajiri, chumba kilikuwa kimepanuka. Alizoea kutembea amekunjua mikono. Kitanda cha mninga kilikuwa kinene, kikitoka kinakula nusu ya chumba, na alitaka wajumbe waje wakute kila kitu kinateleza. Hakutaka kisagwe, la hasha. Alikuwa akikigusa kwa mawazo tu, kila siku, kwa kusema kesho.

Jumapili wajumbe walikuja, wakastaajabu, wakapiga makofi pazia lilipobadilika rangi. Jumatatu alishinda ofisini akipongezwa. Aliporudi jioni akakuta meza ndefu mpya chini ya dirisha, nyekundu-kahawia, imeng'aa.

"Uliwahi kusema unahitaji meza ndefu," ukuta ukasema. "Nimekutengenezea."

Stumai aliijua ile rangi ya mninga kabla hajaigusa meza. Akaketi sakafuni.

"Irudishe," alisema. "Irudishe kuwa kitanda. Kilekile."

"Unga haurudi kuwa mti," ukuta ukajibu. Sentensi hiyo aliiandika Stumai mwenyewe, iwe jibu la watu wasumbufu.

Bi Mwantumu alirudi kesho yake, saa tisa alasiri. Mlango ulikuwa umezoea kufunguka ukiona kiganja chake. Safari hii haukufunguka.

"Hodi!" alisema. "Hodi wenyewe!"

Stumai alikimbia kuufungua kwa mkono. "Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Mlango wako umenikana."

"Umepoteza kumbukumbu tu, mama. Pole na msiba. Pole sana."

"Tumekwisha poa." Akatua kikapu cha mapeasi ya Lushoto, akatazama huku na huku. "Ama! Nyumba imependeza hii. Imekuwa pana." Kisha akaugeukia ukuta, kama mtu anayeita mtumishi wa nyumbani. "Mkwe, nitolee kitanda. Mgongo unaniuma, treni yenu ya sumaku haitikisiki lakini viti vyake ni mawe."

"Kitanda cha pili hakimo katika orodha," ukuta ukasema.

Bi Mwantumu alimtazama binti yake. Stumai alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama alivyosimama utotoni akivunja kikombe.

"Zilitimia siku arobaini, mama."

"Nilikuwa kwenye arobaini."

"Najua."

"Na mkwe hakukuambia?"

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema mtambo ulikosea, na mama yake angeamini, maana hakuwahi kuuamini ukuta hata siku moja.

"Aliniambia. Siku tano mfululizo."

"Wewe hukuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ilitakiwa ufanyeje?"

"Nikiguse tu."

"Kukigusa tu?"

"Mkono mmoja, mama. Mara moja."

Bi Mwantumu hakupiga kelele. Heri angepiga. Alisogea mezani, akapitisha kidole ukingoni, taratibu, kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena. Alikuwa akilitafuta jani.

"Laini," mama alisema mwishowe. "Laini kweli."

"Nisamehe, mama. Nisamehe."

"Unajua tulifanya nini kule?" Bi Mwantumu aliketi sakafuni kando ya kikapu chake. "Nilikusikia ukiwaambia watu kwenye habari kwamba arobaini ni siku za kuachia. Nikasema haya, mwanangu kasoma. Sasa sikiliza. Siku zote arobaini tulikuwa tunavishika vitu vya Sikudhani. Tulifua nguo zake, tukaanika, tukakunja. Ikapotea kofia ya mumewe, tukaitafuta mpaka ikaonekana. Siku ya mwisho tukagawa: gauni hili la nani, mtandio huu wa nani, sahani hii apewe yule aliyekuwa akimpelekea maziwa. Mpaka magharibi hatujamaliza. Hakikutoka kitu pale bila mtu kukishika mkononi na kusema habari zake. Hatukuviacha kwa kuvisahau, Stumai. Wewe hilo ulilitoa wapi?"

Stumai hakuhudhuria arobaini ya baba yake. Alikuwa na mkutano, akatuma pesa za ubani kwa simu. Kipimo kile alikitoa kwenye kitu ambacho hajawahi kukikaa mpaka mwisho.

"Lala kwenye kitanda changu, mama. Kuanzia leo ni chako."

"Mkwe hakitoi mpaka saa tatu usiku, namjua." Bi Mwantumu alikuwa ameshatandika kanga sakafuni, chini ya ukuta, palepale kilipokuwa kitanda chake. Alijilaza kwa ubavu, akajikunja, akafumba macho. "Nipumzike kidogo. Kesho nitatazama treni ya kurudi."

"Kurudi wapi, mama? Kule si nyumba tuliuza?"

"Lushoto hakukosi mtu wa kunipa kona."

Kisha ile mikono miwili ya chuma ikachomoza karibu na dari. Kwa siku arobaini kiganja cha Bi Mwantumu hakikuwa kimeonekana, na kama mlango ulivyomfuta, ukuta nao ulikuwa umemwondoa katika idadi ya wakazi. Mikono ikashuka taratibu, ikasimama juu ya mwili uliojikunja kwenye kanga.

"Kitu kipya kimeonekana sakafuni," ukuta ukasema. "Uzito kilo hamsini na mbili. Kipe jina."

"Acha!" Stumai aliruka. "Usimguse! Huyo ni mama!"

"Mama," ukuta ukarudia. "Imeandikwa. Mama atatumika mara ngapi kwa siku?"

Swali lile pia lilikuwa la Stumai. Aliliandika miaka sita iliyopita, ofisini, kwa haraka, akiwaza sufuria. Sasa lilikuwa likingoja jibu, na hesabu ikamjia bila kuitafuta. Kwa siku arobaini alimpigia mama yake simu mara mbili: mara ya kwanza siku ya mazishi, na ya pili kumwuliza ameweka wapi chujio la chai.

Bi Mwantumu alifumbua jicho moja.

"Mjibu," alisema. "Nami nisikie."

Namba yoyote ambayo Stumai angeitaja ingekuwa uongo au aibu. Akapiga magoti kwenye kanga, akajilaza nyuma ya mama yake kwenye sakafu ngumu, akamshika mkono. Ulikuwa mkavu na mwepesi, unanukia mapeasi. Mama hakuuondoa.

Juu yao ukuta ukangoja kidogo, halafu ukaanza kuhesabu.

"Moja," ulisema.