Mama Pacha na Unga wa Mwani

Baba Pacha alikuwa kinyozi, na mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko mkasi. Watu waliingia kwake na nywele, wakatoka na vicheko. Lakini wiki ile alinyoa kimya. Mteja wake mmoja, dereva wa lori, akamtazama kwenye kioo.

"Vipi kinyozi, leo umemeza ulimi? Shemeji anaendeleaje?"

Mke wa kinyozi, Mama Pacha, alikuwa fundi wa mapazia. Alikuwa na saratani ya titi. Kila baada ya wiki tatu alikwenda hospitali kuwekewa dripu ya dawa kali ya saratani. Dripu mbili zilikwisha. Zilibaki nne.

"Dawa inamtapisha mpaka machozi," kinyozi alisema. "Jana kaniambia harudi tena hospitali. Amekata shauri."

"Mbona dawa ipo!" alisema dereva. "Unga wa mwani, ile mimea midogo ya majini. Kijiko kimoja asubuhi, kichefuchefu kwisha! Hata vidonge vya hospitali avitupe."

Mchana ule ule Baba Pacha alifunga duka, akanunua kopo la unga huo. Nyumbani akakoroga kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji ya machungwa. Maji yakawa kijani. Mkewe alikuwa amejilaza kwenye kochi, kitambaa kichwani.

"Mume wangu, hiyo ni juisi au rangi ya mlango?"

"Kunywa tu. Ni dawa ya kichefuchefu."

"Nani kasema?"

"Dereva wa lori."

"Ala! Siku hizi malori yanatibu?"

Mama Pacha alicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Kisha akachukua kopo, akasoma maandishi madogo, neno kwa neno: "Anayetumia dawa amwone daktari kwanza."

Akaiweka bilauri mezani. "Nenda ukaulize. Wakikubali, nitakunywa hata ndoo."

"Twende wote."

"Si nimekwambia sirudi kule?"

"Hurudi kwa dripu. Kuuliza nako kunatapisha?"

Mama Pacha akalitia kopo kwenye mkoba wake. Asubuhi wakaenda.

Muuguzi wa wagonjwa wa saratani alisoma kopo pande zote. Hakuwacheka.

"Mmefanya vizuri kuuliza kabla ya kunywa," alisema.

"Sasa unafanya kazi au haufanyi?" aliuliza Baba Pacha.

"Utafiti upo, baba, ila ni mchache na mdogo. Mwingine ulifanywa kwa panya tu. Kwa watu, kuna waliosema uchovu ulipungua, na kuna ambao hawakuona tofauti. Hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mwani unatuliza kichefuchefu. Huenda siku moja tutajua zaidi. Leo hatujui."

"Lakini si majani tu? Yana ubaya gani?"

"Hata sumu nyingine hutoka kwenye majani. Mwani uliovunwa kwenye maji machafu unaweza kuumiza ini. Unga huu unaweza pia kugongana na dawa nyingine. Basi asiutumie mpaka daktari wake akubali. Na vidonge vyetu msivitupe kamwe!"

Baba Pacha aliangalia viatu vyake. Muuguzi akamgeukia mkewe.

"Mama, vidonge vya kichefuchefu unavimeza wakati gani?"

"Nikishaanza kutapika."

"Vinakaa tumboni?"

"Wapi! Vinarudi na chakula."

"Hapo ndipo penye shida. Meza kabla, kwa saa tulizoandika, hata ukijisikia vizuri. Kichefuchefu kikishashika, ni vigumu kukituliza. Kula kidogo kidogo, kunywa maji kidogo kidogo. Ukitapika bado, tupigie simu. Daktari ana dawa nyingine. Na ukipata homa, njoo saa hiyo hiyo."

"Kumbe nimeteseka bure!"

"Hatukukueleza vizuri, mama. Utusamehe."

Mama Pacha alikaza kitambaa chake kichwani. "Haya, andika jina langu. Dripu ya tatu nitakuja. Nikitapika kama juzi, hamnioni tena."

Siku ya dripu, Baba Pacha alitega kengele ya simu. Kila ilipolia, alikuja mbio na kidonge na maji. Tumbo la mkewe lilichafuka kidogo. Mara moja aliomba beseni, lakini hakutapika.

Siku ya tatu baada ya dripu, Baba Pacha alikuwa jikoni anaunguza mayai. Mkewe akasimama mlangoni.

"Hebu toka hapo, utachoma nyumba. Nina njaa."

Kinyozi akageuka. "Umesemaje?"

"Nina njaa."

"Sema tena."

"Njaa, Baba Pacha! Njaa! Umekuwa kiziwi?"

Alikaanga mayai mengine mwenyewe, akala kidogo, akapumzika, akala tena. Na dripu ya nne ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuvaa viatu, akimgombeza mumewe kwamba anawachelewesha.