Mtungi Uliotangulia Msafara

Marehemu alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni, imefungwa vizuri kabisa. Mpira wake ulining'inia kando ya kitanda bila kuunganishwa na kitu chochote. Mtungi haukuwepo.

Inspekta, ambaye wenzake walimwita Kupe kwa kuwa hakuwa mtu wa kuachia, aliutazama ule mpira. Maiti alikwishaziona nyingi, lakini si namna hii.

"Amekosa hewa," daktari alisema. "Hana jeraha."

"Nani kachukua mtungi?"

Muuguzi alilia kwanza. "Watu wa msafara, asubuhi. Mzee alikuwa ameufunga leso yake ya mistari ya kijani, eti unampigia mluzi hata hapati usingizi. Niliwaambia anautumia. Wakasema ni amri kutoka juu."

"Juu wapi?"

Muuguzi akaelekeza kidole kwenye televisheni ya wodini. Mkuu wa Jimbo alikuwa akizindua wodi mji wa jirani, mubashara, akipigapiga mtungi wa oksijeni kwa tabasamu. Shingoni mwa mtungi ilikuwepo leso ya mistari ya kijani.

Inspekta hakuaga mtu. Alikanyaga mafuta mpaka mji wa jirani, akaukuta msafara haujaondoka.

"Mheshimiwa ana ratiba," Mshauri wa Mkuu alisema, akiziba mlango wa wodi mpya.

"Nami nina maiti. Nipishe."

Ndani, Inspekta aliushika ule mtungi. "Huu umetoka wapi?"

"Ghalani," Mshauri alidakia.

"Na leso?"

Mkuu akainama kuitazama. Uso ukamsawijika. "Hii nilimnunulia mjomba wangu."

Inspekta akaduwaa. Kwake marehemu alikuwa mzee wa kitanda cha dirishani, basi.

"Pole, Mheshimiwa," alisema taratibu. "Amefariki. Walimchomolea huu akiwa anaupumulia."

Kisha akamgeukia Mshauri. "Una haki ya kunyamaza. Utakalosema litatumika mahakamani."

Mshauri akaanza kujitetea. "Mitungi ya jimbo ni hii hii. Tunaitanguliza kila anapokwenda, halafu tunairudisha. Vijana wa msafara walinipigia simu kwamba mzee mmoja anautumia. Nikasema chukueni, atavumilia. Sikujua ni mjomba wake."

"Angekuwa mjomba wa mwingine?"



"Kwa nini hukuniambia?" Mkuu alimuuliza Mshauri.

"Aliyenitangulia alikuambia mitungi haitoshi, Mheshimiwa. Ulimfukuza palepale mkutanoni, na sisi sote tukakupigia makofi. Mimi nina watoto."

Mkuu akaketi juu ya kitanda kipya, nailoni yake haijatolewa. "Wanawe walitaka kumpeleka ng'ambo," alisema. "Mimi ndiye niliyewakatalia. Niliwaambia hospitali zetu zina kila kitu."

Inspekta alimfunga Mshauri pingu. Ndipo macho yake yalipotua kwenye mitungi mingine, iliyopangwa kwa mstari ukutani, inang'aa.

"Na hii imetolewa vitanda gani?" aliuliza. "Mheshimiwa, hii ni ya akina nani?"

Mkuu akamtazama Mshauri, kama alivyozoea, amjibie.