Kitufe cha Ngozi

Kila alipotoka shule, Darcy alipitia kwa babu yake, mzee Orville, kumsomea barua na kulisha kuku. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, lakini ng'ombe wake wa pekee, Ruthie, alimtunza mwenyewe kwa kupapasa.

Siku moja ikaja barua ya kampuni ya simu. Kuanzia Jumamosi, kila apigaye simu humo jimboni West Virginia, hata kwa jirani wa ng'ambo ya uzio, sharti aanze na 304, namba ya eneo, kisha zile tarakimu saba za zamani.

"Lo! Jirani nimpigie kama yuko Texas?" babu akafoka. "Haya, bibiye, nirekebishie vitufe vyangu."

Simu yake ilikuwa na vitufe kumi na viwili vikubwa, na kila kimoja kilihifadhi namba ya mtu. Babu alivitambua kwa vidole: chenye uzi ni cha shangazi, chenye kipande cha ngozi ni cha daktari wa mifugo. Darcy alirekebisha vitatu tu, mara wenzake wakamwita nje wakateleze kwenye theluji.

"Tayari, babu! Vyote!"

"Hata cha ngozi?"

"Hata cha ngozi."

Jumatatu iliyofuata alimkuta babu jikoni, damu hadi viwiko, akibonyeza na kubonyeza.

"Ruthie anazaa, ndama kakaa vibaya! Nampigia daktari, na hii sauti ya kanda inaniambia simu haiwezi kuunganishwa. Daktari Sowers kahama, au?"

Uongo wa pili ulikuwa tayari ulimini mwa Darcy: theluji imekata nyaya. Lakini kule zizini Ruthie aliguna kwa uchungu, na Darcy akaanza kulia.

"Babu, nilikudanganya. Cha ngozi sikukigusa."

Mzee akamsukumia simu. "Piga sasa. Mengine baadaye."

Darcy akachukua karatasi ya zamani ya namba, akaanza na 304, akaendelea na zile saba. Simu ikaita. Daktari akapokea.

Alifika na matope hadi magotini, akamgeuza ndama tumboni, akamvuta. Ndama alilala kimya, kisha akapiga chafya. "Mngechelewa nusu saa tu," daktari alisema akinawa, "mngewazika wote wawili."

Jioni Darcy alikaa mbele ya simu, akarekebisha vitufe tisa vilivyobaki. Kila alipomaliza kimoja alikibonyeza, akasubiri mtu aitike.

"Hukunichapa, babu," alisema kwa sauti ndogo.

"Nikuchape ili iweje? Umesema kweli ilipokuwa chungu, na ndama yu hai." Babu akapapasa kile kitufe cha ngozi. "Ila sikiliza, mjukuu wangu. Mimi sioni. Ukiniambia 'tayari', ni kama nami nimeshaona. Usinipofushe mara ya pili."