Kiraka Kibichi

Mbwa akimrarua mtu kwenye nyumba ya kupanga, wewe ungemkamata nani kwanza? Usijibu haraka.

Jumamosi, saa nne na robo asubuhi, mshonaji wa chumba cha nyuma alikutwa ameanguka uani kando ya bomba, ndoo imepinduka, mkono wa kulia umechanwa toka kiwiko mpaka vidoleni. Mkono wa mkasi, huo. Mbwa wa fundi viatu alisimama pembeni na mnyororo wake, na mwisho wa mnyororo ilining'inia pete ya chuma yenye mkia mrefu kama msumari. Wapangaji wakamfungia mbwa stoo, wakambeba mgonjwa hospitali.

Sajini alifika saa tano na nusu. Mama wa makamo, miwani imeshikizwa kwa uzi, subira yake kama ya mtu anayechambua mchele. Wapangaji walikuwa wamesharudi.

"Afande, mimi mwenye nyumba sikujua kama kuna mbwa humu," mzee akawahi. "Mkataba unakataza hata paka."

Fundi viatu alikuwa ametoka mbio kibandani kwake, gundi bado vidoleni. "Nilimfunga ukutani, pale!"

Wote wakageuka. Ukuta mzima, hauna tundu.

"Labda ulimfunga kwenye upepo," mzee akacheka. "Jumatatu utasimama mahakamani peke yako, kijana."

Wengine walimnong'onea sajini kuhusu Mama Pacha, jirani aliyegombana na mshonaji juzi.

"Eti nimemfungulia mbwa?" Mama Pacha akashika kiuno. "Kisa foleni ya maji? Mimi nikitaka kumuuma mtu, mdomo wangu unatosha!"

Sajini aliinua mnyororo. Kufuli dogo lililouunga na pete lilikuwa bado limefungwa. "Huyu hakufungua. Angefungua, pete ingebaki ukutani. Hii imeng'oka na mkia wake."

Akachuchumaa. Chini ya ukuta, sakafu ilikuwa imechubuka nusu duara, mikwaruzo ya mnyororo wa miezi mingi. Juu yake, kiraka cha saruji, upana wa sahani. Alibonyeza, kucha ikazama.

"Niliziba ufa jana," mzee akasema.

"Jana?" Sajini akaonyesha matone ya damu sakafuni. Juu ya tone moja lilikuwa limedondoka tone la saruji. "Saruji iko juu ya damu, mzee wangu. Jana damu hii ilikuwa bado mwilini mwa mtu. Tangu saa nne na robo, nani alibaki hapa?"

"Sote tulikwenda hospitali," Mama Pacha akajibu polepole. "Mzee alifika tunatoka. Akasema atalinda nyumba."

Sajini aliazima msharasi wa fundi viatu, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akachokoa. Kiraka kikaanguka, tundu likatokea. Akauingiza mkia wa pete. Ukaenea.

Mzee alikaa juu ya ndoo. "Pete niliichimbia mwenyewe, wezi walipozidi. Nikamwambia fundi alete mbwa, ila asinitaje. Mwezi uliopita akaniambia pete inacheza, nikamwambia asubiri. Afande, mwenye nyumba akijua, naye hubebeshwa kesi. Nikaona heri niwe sikujua."

Fundi viatu akashusha pumzi. Sajini akamgeukia.

"Wewe usifurahi. Uliiona inacheza, ukaendelea kumfunga palepale. Mtasimama wawili."

Saa kumi jioni alimpeleka mzee wodini kwa mshonaji. Madaktari walikuwa wamemkata vidole vitatu.

"Mwanangu, nisamehe," mzee akasema. "Unataka nini? Sema chochote."

Mshonaji aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Nilitaka mbwa asifungwe karibu na bomba," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Mara mbili nilifika mpaka mlangoni kwako, nikarudi. Niliogopa utanihamisha."